Dar hadi Kigoma kwa Treni: Mwongozo Kamili wa Kulala Usiku Mbili Relini

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa treni hulala njiani mara mbili. Ukilishika hilo moja, mengine yanajipanga yenyewe: ukate tiketi ya daraja gani, ubebe maji kiasi gani, simu uichaji lini, nguo ipi ikae juu kabisa ya begi. Mara yangu ya kwanza sikulijua. Nilipanda na chupa moja ya maji, mkate na fulana niliyovaa, nikidhani ni safari kama ya basi ila ndefu kidogo. Usiku wa pili, baada ya Tabora, baridi ilinikamata hasa, na mama mmoja niliyekaa naye kiti kimoja akanifunika nusu ya kitenge chake bila hata kuniuliza jina. Mwongozo huu nauandika ili wewe uje na kitenge chako, na ikiwezekana kimoja cha ziada cha kumfunika jirani.

Njia yenyewe ni kilomita 1,252 za Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa sehemu kubwa walifuata njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, ile iliyokanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi na watumwa waliofungwa minyororo. Upana kati ya chuma na chuma ni mita moja tu, na njia ni moja: treni mbili zikikutana, moja lazima ingoje kituoni ili nyingine ipite. Ndiyo maana treni inaweza kusimama porini saa nzima bila kuharibika chochote. Inangoja mwenzake. Abiria anayejua hivyo hukunja miguu akaendelea na mazungumzo, asiyejua huchungulia dirishani kila dakika tano.

Hatua ya kwanza: amua unapandia wapi

Zamani swali hili halikuwapo. Sasa lipo, kwa sababu reli ya kisasa, yaani SGR, inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu Julai 2024. Treni yake hutumia takriban saa nne au pungufu kwa umbali ambao treni ya zamani huumaliza usiku kucha. Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kupanda treni ya zamani tangu mwanzo wa safari yake. Ya pili ni kwenda Dodoma kwa SGR, kulala hapo kitandani, kisha kuikamata treni ya Kigoma ikipita.

Kwa mwenye watoto wadogo, mzee, au mgonjwa wa mgongo, nashauri njia ya pili bila kusita. Inakupunguzia usiku mmoja, na sehemu nzuri kuliko zote, ile ya mchana, hukosi. Lakini angalia mambo mawili. Kituo cha SGR cha Dodoma na stesheni ya zamani iliyo katikati ya mji si jengo moja, kwa hiyo weka muda na nauli ya bajaji. Pili, tiketi ni mbili tofauti, na ukichelewa ya kwanza ya pili haikungoji. Usifanye safari hizi mbili siku moja kwa kubanana. Lala Dodoma.

Kwa kijana mwenye nguvu anayetaka kuijua nchi hii kwa urefu wake, panda tangu mwanzo. Kuna kitu unakipata ukilala Pwani na kuamka kwenye korongo la Mkondoa ambacho SGR haiwezi kukupa.

Jambo la kuulizia kabla hujatoa hata shilingi: treni ya wiki hiyo inaanzia wapi? Kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe kinafuata mto Mkondoa, na mto huo ukifurika hula tuta la reli. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliibomoa njia hapo vibaya, ikawa abiria wa bara wanapandia Dodoma kwa muda mrefu. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Piga simu Shirika la Reli Tanzania, TRC, au nenda stesheni uulize kwa mdomo wako. Usitegemee alichosema binamu yako aliyesafiri mwaka jana.

Hatua ya pili: chagua siku na msimu

Treni haiondoki kila siku. Ina siku zake za wiki, na siku hizo hubadilika. Kwa hiyo kwanza jua siku za treni, halafu ndipo uombe ruhusa kazini. Watu wengi hufanya kinyume wakaishia kupanda basi.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo myepesi: njia ni kavu na mafuriko hayapo. Ila Juni na Julai usiku wa Dodoma, Manyoni na Tabora una baridi ambayo mtu wa Dar haitegemei. Hiyo ni nchi ya juu, Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na upepo hupenya kwenye dirisha lisilofunga vizuri. Masika, Machi hadi Mei, ni msimu wa kuahirisha kama safari si ya lazima. Desemba na wakati wa kufunguliwa kwa shule mabehewa hujaa hadi mlangoni, kwa hiyo kata tiketi mapema.

Ukishapata tarehe, hesabu kuanzia mwisho kuja mwanzo. Kama una harusi Kigoma Jumamosi, usipande treni inayotarajiwa kufika Jumamosi asubuhi. Panda ya kabla yake. Acha siku moja nzima tupu kati ya kufika na shughuli yako. Hii siyo kuibeza treni. Reli moja ya kilomita zaidi ya elfu ina mambo mengi ya kuichelewesha, na mwenye siku moja ya akiba husafiri moyo umetulia.

Hatua ya tatu: daraja

Hapa nitasema wazi: kama mfuko unaruhusu, chukua daraja la pili kulala. Usile soda wiki mbili ukihitaji, lakini chukua kitanda.

Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Wanawake huwekwa chumba chao na wanaume chao. Ukisafiri na familia na mkataka kukaa pamoja, njia ni kununua vitanda vyote sita vya chumba. Mchana kitanda cha kati hukunjwa ili cha chini kiwe kiti cha wote. Ndiyo maana kitanda cha juu kina faida yake: hakuna anayekuja kukikalia, na unaweza kujilaza saa nane mchana bila kumwomba mtu radhi. Upungufu wake ni joto la mchana na kupanda kwa kukwea. Cha chini kina dirisha na ni cha watu wazima. Kama umepangiwa cha chini na akaingia mzee wa juu, mpishe. Hakuna sheria inayokulazimisha, lakini utakaa na mzee huyo siku mbili.

Daraja la pili kukaa ni kiti chako peke yako. Kwa kipande cha Dodoma hadi Tabora kinatosha kabisa. Kwa usiku mbili, shingo itakudai.

Daraja la tatu ndilo lenye maisha. Kuna kuku, magunia, watoto, hadithi, na mtu wa Nguruka atakayekueleza habari za ukoo wake wote. Nimelipanda mara nyingi na nimejifunza humo kuliko mahali pengine. Lakini lina msongamano, na ukiamka kwenda chooni kiti kinaweza kupata mwenyeji mpya. Usilipande peke yako kwa safari nzima kama ni mara yako ya kwanza. Mkiwa wawili, mmoja analala mmoja anakesha, inawezekana.

Hatua ya nne: kukata tiketi na kuisoma

Nenda stesheni na kitambulisho, cha NIDA au kingine kinachotambulika, kwa sababu jina lako linaandikwa kwenye tiketi. Kwa SGR unaweza kukata kwa mtandao na kulipa kwa simu kwa kutumia namba ya malipo unayopewa. Kwa treni ya zamani bado napendelea dirishani, kwa sababu pale ndipo unapouliza maswali. Usinunue kwa mtu anayekufuata nje ya geti akidai ana nafasi ya mwisho ya kulala.

Ukikabidhiwa tiketi, isome pale pale kabla hujaondoka dirishani. Angalia tarehe, namba ya behewa, namba ya kitanda au kiti, na saa. Saa ya kwenye tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Nimemwona baba wa watu wazima akiwasili na familia yake nzima usiku, tiketi mkononi, kwa sababu alisoma 09:00, yaani saa tatu asubuhi, akaelewa saa tisa usiku.

Sasa la muhimu kuliko yote, na ambalo halijaandikwa kwa wino mwekundu popote. Treni ya bara hubeba mabehewa ya watu wa Kigoma, wa Mwanza na wa Mpanda. Tabora ndipo njia zinapoachana: ya Mwanza inakwenda kaskazini, ya Kigoma na Mpanda inaendelea magharibi, na ya Mpanda inachepuka Kaliua. Mabehewa hukatwa na kupangwa upya Tabora, mara nyingi usiku, watu wakiwa wamelala. Ukihama behewa lako kumfuata rafiki uliyempata njiani, ukalala kwake, unaweza kuamka unaelekea Shinyanga huku begi lako linakwenda Kigoma. Kwa hiyo ukipanda tu, muulize mhudumu: "Samahani kaka, behewa hili linafika Kigoma?" Na treni ikikaribia Tabora, rudi nyumbani kwako.

Hatua ya tano: kufungasha

Gawa mizigo mara mbili. Begi kubwa linakwenda chini ya kitanda na halifunguliwi hadi Kigoma. Begi dogo ndilo la maisha ya safari, na humo ndani weka kitenge au shuka, sweta, soksi, taulo dogo, sabuni, karatasi za chooni, tochi ndogo, dawa zako, mafuta ya kufukuza mbu, kikombe na kijiko. Mbu wapo, hasa treni ikisimama usiku karibu na maji, na chandarua hakina pa kufungwa. Mikono mirefu na soksi ndicho chandarua chako.

Maji: lita tano kwa mtu mzima ndiyo kuanzia. Utaongeza njiani, lakini usianze kwa kutegemea njiani. Chakula cha usiku wa kwanza pika nyumbani, kitu kisichochacha: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi, samaki mkavu. Pilau ya nazi acha, haitaiona asubuhi.

Pawabenki iliyojaa ni lazima. Usitegemee soketi. Mtandao wa simu nao hukatika kwa muda mrefu kwenye mapori ya kati ya Itigi na Tabora, na tena kuelekea Malagarasi. Waambie watu wako kabla: nikinyamaza, niko porini, siyo kwamba nimepatwa na jambo.

Fedha taslimu ziwe ndogondogo, noti za elfu moja na elfu mbili na sarafu. Mama anayeuza ndizi chini ya dirisha treni ikianza kutembea hana chenji ya elfu kumi, na wewe huna muda wa kuingoja. Beba pia kikapu au mfuko wa kitambaa wa manunuzi, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na njiani utanunua vitu vingi kuliko unavyodhani.

Na kitu kimoja wachache hukikumbuka: kipande cha kijiti, urefu wa kiganja. Matumizi yake yako hapo chini.

Siku ya kuondoka

Fika saa mbili kabla ya treni kuondoka. Mzigo mkubwa au wa biashara hupimwa na kulipiwa, na foleni yake ni ya peke yake. Mara ukishaingia, tafuta namba ya behewa iliyoandikwa ubavuni, panda, weka begi, kisha wasalimie wote uliowakuta chumbani. Siyo "mambo" ya haraka haraka. Shikamoo kwa aliyekuzidi umri, habari za nyumbani kwa wengine, na utaje unakoshukia. Hiyo ndiyo kufuli ya kwanza ya mizigo yako. Jirani anayejua unashuka Kigoma atauliza akiona mtu anashuka na begi lako Morogoro.

Mkaguzi wa tiketi atapita. Tiketi usiitupe hata baada ya kukaguliwa, maana atapita tena, na tena.

Usiku wa kwanza

Treni ikiondoka jioni, utaziona Pugu na Ruvu kwa mwanga wa mwisho, na Morogoro itakukuta usiku. Humo hakuna cha kuona. Kula, tandika, lala mapema, kwa sababu alfajiri ni ya kuamka.

Kabla hujalala, funga dirisha na ukitie kile kijiti kati ya kioo na fremu ili lisisukumike kutoka nje. Vibaka wa vituo vya usiku hawapandi ndani. Wanatembea pembeni ya treni iliyosimama, wanasukuma dirisha, mkono unaingia, unatoka na simu. Ilinitokea kwenye kituo kimoja nikiwa nimeiweka simu karibu na mto. Nilihisi upepo tu usoni. Tangu siku hiyo simu, fedha na kitambulisho nalala navyo ndani ya nguo, na kijiti sikiachi.

Choo kiko mwisho wa behewa na kinatiririkia relini. Usikitumie treni ikiwa kituoni. Watu wanauza chakula hapo chini. Nenda usiku wa manane au mapema alfajiri kabla maji hayajaisha.

Alfajiri: Kilosa hadi Dodoma

Ukiamka mapema utakuta treni inapinda pamoja na mto Mkondoa, mlima huku, mto kule, na migomba katikati. Hapa utaona kwa macho kwa nini mafuriko yanaisumbua njia hii: mahali pengine tuta la reli na ukingo wa mto ni kitu kimoja. Wajenzi wa SGR walipofika Kilosa walichagua kutoboa milima wapite kwenye mahandaki.

Baada ya Gulwe kijani kinapungua na mibuyu inaanza. Kati ya Igandu na Msagali ndipo treni ya abiria iliporudi nyuma bila kuzuilika na kugongana na treni ya mizigo tarehe 24 Juni 2002. Walikufa watu 281. Nikipita hapo huwa nakaa kimya kidogo, na mara nyingi mzee mmoja ndani ya behewa naye ananyamaza.

Dodoma treni husimama muda wa kutosha kushuka, kunyoosha miguu, kunawa uso na kununua chai. Jaza maji hapa, na kama ni msimu nunua zabibu. Ila muulize mhudumu inasimama dakika ngapi, na usitoke nje ya uzio.

Mchana: Dodoma hadi Tabora

Hii ndiyo sababu ya mimi kuipenda njia hii, na ndiyo sehemu ya kukaa dirishani.

Ukitoka Dodoma unashuka kwenye tambarare ya Bahi, nchi ya mbuga na majaruba ya mpunga, ambayo wakati wa mvua hugeuka ziwa na ndege wengi. Baada ya Makutupora treni inaanza kupanda. Unapandisha ukingo wa Bonde la Ufa, polepole, kona baada ya kona, na kwenye kona kali unaweza kuona kichwa cha treni kikiwa mbele yako pembeni kama cha treni nyingine. Kaa upande wenye mwonekano wa bonde, angalia nyuma: tambarare yote uliyoipita asubuhi imelala chini kama mkeka.

Kwenye kipande hiki kuna Saranda. Wasafiri wa Reli ya Kati wanaijua Saranda kwa kuku. Treni haijasimama vizuri, akina mama wanakuja wakikimbia na sinia kichwani: kuku wa kienyeji wa kukaanga, nzima au vipande, wali, ndizi, mayai. Kuku huyo ni mgumu kidogo, ana ladha ya kuku aliyetembea, na wakati wa kumla ni sasa hivi akiwa moto. Utaratibu wa kununua dirishani uko hivi: uliza bei, kubaliana, pokea chakula, ndipo utoe noti yenye thamani ile ile. Nunua treni ikiwa imesimama. Usimfanye mama wa watu akimbie pembeni ya magurudumu kwa ajili ya elfu mbili. Na sahani au bakuli lake mrudishie, kwa sababu kesho kutwa ana treni nyingine.

Manyoni, kisha Itigi. Kuanzia hapa kuna kichaka cha Itigi, msitu mfupi uliosongamana ambao ng'ombe hawezi kuupenya, na baada yake miombo isiyo na mwisho hadi Tabora. Wengine huona pori hili linachosha. Mimi nashauri ulitazame: mizinga ya nyuki imetundikwa juu ya miti, mingine ya magogo, na hii ndiyo asali utakayouziwa vituoni. Asali ya Tabora ina jina nchi nzima. Angalia kizibo cha chupa kama kimefungwa vizuri, funga tena kwa kitambaa, iweke wima. Niliwahi kufika Kigoma na begi zima limelowa asali, na sisimizi wameshafika kabla yangu.

Kwenye vituo vidogo kama Tura na Goweko watoto watapiga kelele wakiomba chupa. Ni chupa tupu za maji wanazotaka, za kuwekea mafuta au kubebea maji shuleni. Usirushe treni ikiwa kwenye mwendo. Mpe mtoto mkononi ikisimama.

Mchana huu ndio wa behewa la chakula pia. Chakula ni cha kawaida, wali au ugali kwa nyama au kuku, na chai. Lakini nenda kwa ajili ya mazungumzo, na kwa ajili ya kunyoosha mgongo. Acha mtu chumbani wa kuangalia mizigo.

Tabora na usiku wa pili

Tabora treni hukaa sana. Hapa ndipo mabehewa yanapopangwa, na utasikia mishtuko: gari linasukumwa, linagongwa, taa zinazimika na kuwaka. Usiogope, na usishuke kwenda mbali. Behewa lako linaweza kuhamishwa kutoka laini hii kwenda ile, ukirudi ukute mahali palipokuwa pako ni patupu. Kama ni lazima ushuke, mwambie mhudumu na umwachie jirani namba yako ya simu.

Vaa sweta sasa, kabla ya baridi. Funga dirisha, weka kijiti. Wakati umelala utapita Urambo, ambako Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 walifyeka mapori ili kulima karanga kwa matrekta, mradi ukafa mapema. Leo ni nchi ya tumbaku. Kisha Kaliua, wa Mpanda wanakuaga.

Asubuhi ya tatu: Malagarasi, Uvinza, Kigoma

Nguruka na Malagarasi kuna samaki. Mto Malagarasi na mabwawa yake ni makubwa, na asubuhi ukungu hulala juu ya matete. Samaki mkavu anayeuzwa hapa ni mzuri, lakini mfungie kwenye karatasi nyingi, kwa heshima ya wenzako wa chumbani. Uvinza ni chumvi. Chumvi yake ya chemchemi imetengenezwa hapo tangu karne nyingi kabla ya reli, na mfuko wake ni zawadi inayopokewa kwa furaha kokote.

Kitambulisho kiwe karibu. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na maofisa wa uhamiaji wanaweza kukiomba njiani au ukifika. Jibu kwa upole, utaendelea.

Kisha reli inateremka, hewa inakuwa nzito na yenye joto, michikichi inaanza, na ghafla kuna maji upande wa kushoto, mengi, ya buluu, na milima ya Kongo kule ng'ambo. Behewa zima litasimama dirishani, hata waliozaliwa hapa.

Stesheni ya Kigoma ni jengo la Wajerumani lililo karibu kabisa na bandari. Nje kuna bodaboda, bajaji na teksi. Kubaliana bei kabla ya kupanda. Wa Mwanga na wa Ujiji wanapata daladala. Ujiji, ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, ni kama kilomita nane tu. Wa Gombe, hifadhi ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, waende Kibirizi kuulizia boti, ila siyo siku hiyo hiyo. Siku hiyo oga, kula mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kukaanga kwa ugali, na ulale kitanda kisichotikisika. Utahisi bado kinatikisika hadi kesho yake.

Lakini kabla hujatoka nje ya jengo la stesheni, begi likiwa bado mkononi, pita dirishani uulize siku ya treni ya kurudi, na ukate tiketi yako ya kulala pale pale. Vitanda vya kurudi huisha kabla ya vya kwenda, hasa msimu wa dagaa na mawese, wafanyabiashara wanapopanda na mizigo yao kuelekea Dar.